Kabla ya Tangi, Tafuta Mtu wa Pili

Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Mikocheni, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana wenzangu, itifaki imezingatiwa. Habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie tangi la matumbawe: linataka vifaa gani na linagharimu kiasi gani. Vifaa mnaviona kila siku kwenye simu zenu. Bei nazo hubadilika kila mzigo unapoingia, nikizitaja leo kesho kutwa mtaniita mwongo. Mimi nitazungumzia kitu ambacho muuzaji hana dukani, nacho ni muda. Na nisiwazungushe. Tangi la matumbawe hutunzwa na nyumba nzima, mtu mmoja haliwezi. Kama nyumbani kwako hakuna mtu wa pili anayejua kulisoma lile tangi na kulijali, usinunue hata kioo.

Nasikia watu wanaguna. Gunieni taratibu, nitafika.

Tumbawe ni mnyama. Nasema hivyo kwa sababu bado wapo wanaodhani ni jiwe, na wapo wanaodhani ni mmea. Ni mnyama mdogo mwenye mdomo na minyiri, anayejijengea jiwe kwa madini anayoyavuta kwenye maji. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo mno, wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Ndiyo maana mnyama huyu anadai mwanga, anadai chakula, na anadai maji yale yale leo, kesho na mwezi ujao. Joto likizidi, ujirani ule unavunjika. Mwani wanatolewa, tumbawe linabaki jeupe, na wasiporudi mapema linakufa. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida, miamba ya pwani yetu ilipauka. Mwamba wa Tutia kule Mafia ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Na ile ni bahari, ina kina, ina mikondo, inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wewe una lita 200 sebuleni Tabata, mwezi wa pili, madirisha yamefungwa kwa sababu wote mmekwenda kazini.

Basi tuanze na joto, maana maelekezo mengi mnayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Jambo la kwanza wanalokwambia ununue ni hita. Hita, Dar es Salaam! Sisi shughuli yetu ni kushusha. Matumbawe mengi ya kufugwa hustarehe kati ya nyuzi 24 na 27. Chumba kilichofungwa mchana kutwa wakati wa kaskazi kinapita nyuzi 30 bila kutoka jasho, jasho linakutoka wewe. Mwenye uwezo ataweka kiyoyozi au mtambo wa kupoza maji. Sisi wengine tunaweka feni ipulize juu ya maji. Feni inapoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na ingawa unyevu wa hewa yetu unaipunguzia nguvu, inashusha nyuzi mbili, tatu.

Lakini mvuke ukiondoka, chumvi haiondoki. Hapo ndipo kazi inapoanzia. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, maji yaliyokuwa na gramu 35 za chumvi kwa lita yanafika karibu gramu 37. Feni ikizunguka mchana na usiku, lita tatu au nne kwa siku si ajabu. Umekwenda Dodoma semina ya siku tatu, hukukosea chochote, hukugusa chochote, na umerudi kwenye maji mengine kabisa. Kwa hiyo kila siku lazima mtu aongeze maji matamu kufidia yaliyopanda hewani. Na sisemi maji yoyote. Ya bomba yana klorini, na visima vingi vya mji huu vina chumvi yake tayari. Yanatakiwa maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi nyuma. Vipo vifaa vyenye boya vinavyoongeza maji vyenyewe, ni vizuri, ninavyo. Lakini boya hukwama, na ndoo ambayo kifaa kinavutia maji huisha maji. Mtu lazima awepo.

Waliowahi kufuga ng'ombe wa maziwa wananielewa. Ng'ombe hajui kwamba leo ni Idi.

Tukizungumza saa zenyewe, kazi si kubwa. Asubuhi dakika tano: joto ni ngapi, pampu zote zinazunguka, samaki wote wapo, matumbawe yamefunguka au yamejikunja. Jioni robo saa: chakula kidogo, maji ya kuongeza, kufuta kioo. Mara moja kwa wiki unabadilisha asilimia 10 ya maji, yaani lita 20 kwenye tangi letu la mfano, chumvi ukiwa umeichanganya tangu jana yake, na unapima, na unaosha kikombe cha skima, ule mtambo unaotoa uchafu kwa povu. Hiyo ni saa moja na nusu, mbili ukiwa mvivu. Mara moja kwa mwezi au miwili unafungua pampu unaziloweka kwenye siki kuondoa ukoko. Jumlisha yote, unapata saa nne au tano kwa wiki. Watu wa Kimara mnatumia zaidi ya hapo kwenye foleni kwa siku mbili.

Tatizo ni kwamba saa hizi hazilimbikiziki. Huwezi kusema wiki hii nimebanwa, Jumamosi nitafidia. Dakika tano za Jumanne asubuhi ni za Jumanne asubuhi. Pampu iliyosimama Jumanne, Jumamosi unakuta imeshaua.

Sasa mtu anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku anafanyaje? Kwanza, hamisha mchana wako. Taa za matumbawe zinahitaji kuwaka saa nane hadi kumi kwa siku, na tumbawe halijali saa ya ukutani inasemaje, linajali ratiba isiyoyumba. Weka kifaa cha kuhesabu saa, taa ziwake saa saba mchana zizime saa nne usiku. Ukirudi unakuta tangi liko macho na wewe unaliona. Jambo hili dogo limewaokoa wengi, kwa sababu mtu asiyeliona tangi lake likiwa hai hulichoka. La pili ni lile lile nililoanza nalo: awepo mwenzako wa asubuhi.

Kuhusu miezi ya mwanzo nitapita haraka, kila mtu anaijua na hakuna anayeifuata. Tangi jipya lisiingie mnyama mpaka bakteria wamekaa. Uchafu unatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza naitraiti, wa pili wanaigeuza naitreti ambayo ina nafuu. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Baadaye linakuja vumbi la kahawia, halafu mwani wa kijani wenye nywele, na nyumba nzima inakuuliza kama umelipia uchafu. Ni kawaida, linapita. Matumbawe laini yanaweza kuja baada ya hapo. Yale magumu subiri miezi sita au zaidi. Anemoni, yule mnyama wa minyiri anayefanana na ua, mwache mpaka tangi limekaribia mwaka. Na katika miezi hiyo, ambayo hakuna cha thamani ndani ya maji, ndipo mtu wako wa pili anapojifunza. Akichanganya chumvi vibaya sasa, amepoteza chumvi tu.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ninalitilia mkazo: tangi likikubali, kazi inaongezeka. Watu wanadhani mwaka wa kwanza ndio mgumu, halafu unapumzika. Kinyume chake, tumbawe linalokua linakula madini. Linavuta kalsiamu na kabonati kwenye maji ili lijenge jiwe lake, na jinsi linavyokuwa kubwa ndivyo linavyovuta zaidi. Yapo ya mviringo yanayokua sentimita moja hivi kwa mwaka, na yapo ya matawi yanayoweza kukua sentimita 10 kwa mwaka au kuzidi. Mwanzoni kubadilisha maji kila wiki kulitosha. Siku moja unapima alkaliniti, yaani kipimo cha kabonati ya maji, uliyozoea kuiona 8 unaikuta 6, na ncha za matawi zimeanza kubadilika rangi. Hapo unaanza kuongeza madini kila siku, na kupima mara nyingi zaidi, na kuandika. Daftari, ndugu zangu. Namba moja haikwambii kitu. Namba za mwezi mzima zinakwambia maji yanaelekea wapi. Ni heri kalsiamu ya miligramu 400 kwa lita kila wiki kuliko 450 leo na 380 kesho kutwa.

Njia ya zamani na rahisi ya kuongeza madini hayo ni maji ya chokaa, yakidondoshwa tone kwa tone usiku. Watu wa pwani mtacheka hapa. Babu zetu walikuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, kuanzia Kilwa hadi Lamu, na leo sisi tunanunua chokaa ili tulishe matumbawe. Ila msichukue ya mfuko wa fundi, ina takataka, itafutwe safi. Na isimwagwe kwa mkupuo, ni kali, inaweza kuunguza kila kilichomo.

Mtu ataniuliza, bahari ile pale, kwa nini nichanganye chumvi? Swali zuri. Maji ya bahari ni mazuri kuliko chumvi yoyote ya kopo, lakini angalia unayachota wapi. Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa mji pale Selander, na masika yakianza maji ya ufukoni yanachanganyika na ya mvua. Maji ya kufaa yako nje, mbali na midomo ya mito, bahari ikiwa imejaa, kiangazi. Maana yake mashua, madumu, kuangalia bamvua na maji mafu, na nusu ya Jumapili yako. Hiyo nayo ni saa, iandike kwenye hesabu. Na chumvi ya kupikia jamani hapana, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha kumjengea tumbawe hata ukucha.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya Wazungu wenye vyumba vya baridi. Siyo. Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha dunia kwamba matumbawe yanaweza kuishi ndani ya kioo ni Lee Chin Eng wa Jakarta, mji wa joto na wa pwani kama huu wetu. Aliandika habari zake mwaka 1961. Alitumia maji ya bahari, mawe hai, yaani mawe yenye bakteria na viumbe wake, kutoka mwambani, na mapovu ya hewa. Vifaa hivyo vichache tu. Lakini vifaa vikipungua, jicho la mtu lazima liongezeke.

Na mfano ninaoupenda kuliko wote unatoka Scotland. Mwaka 1828 msomi mmoja, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni kwenye ufuko wa North Berwick akampeleka kwake Edinburgh, akamweka kwenye chupa ya kioo. Anemoni ni ndugu wa tumbawe, ila hajengi jiwe. Hapakuwa na pampu, taa wala skima. Kulikuwa na maji ya bahari yaliyobadilishwa kwa mkono, na kipande cha kome mara moja moja. Dalyell alifariki 1851. Anemoni yupo. Akapokelewa na mtu mwingine, kisha mwingine, kisha mwingine, watu wakimwita Bibi, mpaka alipokufa mwaka 1887. Miaka 59. Ni mnyama wa maji ya baridi na ni mgumu kuliko matumbawe yetu, nakubali. Lakini tazameni kilichomweka hai: kila aliyeondoka alikuwa amemwachia mtu. Tena Dalyell hakuwa anabeba maji mwenyewe, alikuwa na mchukuzi wa kumletea kutoka baharini. Msomi ndiye anayetajwa.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo huenda halitawafurahisha. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam zenye tangi, mtunzaji wa kweli ni dada wa kazi. Baba ndiye anayelipiga picha. Dada ndiye anayekuwepo saa nne asubuhi. Hakufundishwa kitu, ameambiwa tu "uwape chakula", na samaki wakifa anafokewa yeye. Nasema wazi kwamba huo ni uonevu, na ni ujinga pia, kwa sababu yule ndiye mtu wa pili uliyekuwa unamtafuta. Kama yuko tayari, mfundishe. Mfundishe kusoma refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji, ni kazi ya dakika mbili. Mfundishe joto la kutisha ni lipi na akiliona afanye nini. Chakula kipime mwenyewe, kifunge kwenye vikaratasi, kila siku kimoja, kwa sababu asiyejua hulisha kwa huruma na huruma inachafua maji. Na mwongezee mshahara. Ni kazi mpya, haikuwemo mlipokubaliana.

Mfundishe pia asichogusa. Zile zoanti, jamaa wa matumbawe, nzuri za rangi rangi mnazozipenda, baadhi zina sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi kutoka kwa viumbe. Jiwe lenye zoanti halichemshwi na halisuguliwi kwa brashi. Mvuke wake peke yake umewapeleka watu hospitali. Glavu na miwani, na kazi hiyo aifanye mwenye tangi. Ekstensheni za umeme vilevile: ziwe juu, zisiwe chini ya mahali maji yanapoweza kudondoka, na mkono mbichi usiguse swichi.

Umeme sasa. Ukikatika, watu hukimbilia taa, wakati taa ndiyo ya mwisho. Tumbawe linaweza kukaa gizani siku moja au mbili lisidhurike. Kinachoua ni maji kusimama. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na maji yetu yana joto siku zote, kwa hiyo samaki wataanza kupumulia juu baada ya saa chache, na wanyama wengine wanafuata. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya bei nafuu kuliko kitu chochote kilichomo kwenye tangi. Awe nayo kila mtu. Mwenye inveta aunganishe pampu moja ya kuzungusha maji, basi. Usilishe mpaka umeme urudi. Na tangi la chini, lile la kuchujia maji chini ya tangi kuu, liwe na nafasi, maana pampu ikizima maji ya juu yanashuka, na usipoyaachia nafasi yatakuja kukusalimia kwenye zulia. Haya yote yanamtaka mtu aliye nyumbani saa ile ile, anayejua swichi ni ipi. Na wakati mwingine umeme haujakatika, ni uniti za LUKU zimeisha saa tisa usiku na mwenye namba ya mita yuko safarini. Iandikeni ubavuni mwa tangi.

Safari ndizo mtihani wenyewe. Msiba haupigi hodi. Desemba nayo, ndugu zangu wa Kilimanjaro, mnapanda mabasi wote kurudi nyumbani, na Desemba ndiyo joto linapanda Dar. Mwezi ambao tangi linakuhitaji zaidi ndio mwezi ambao haupo. Aliye na mtu wa pili atapiga simu kutoka Rombo aulize joto ni ngapi. Asiye naye ataomba jirani "apitie pitie".

Kwa anayejiona hana mtu huyo, sikuachi mikono mitupu. Tunao samaki wa maji matamu ambao dunia nzima inawatamani, wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, rangi zao hazina haya mbele ya samaki wa mwambani. Tangi lao linakusamehe ukichelewa siku mbili. Na matumbawe yenyewe yapo hapa hapa, bure kuyatazama ukishalipa kiingilio na mashua: Bongoyo na Mbudya ni hifadhi tangu 1975. Chukua miwani ya kuzamia, nenda na watoto. Ila kutazama tu. Ndani ya hifadhi hakichukuliwi kitu, hata kipande kilichovunjika, na biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, inataka kibali. Miamba yetu imeshapigwa baruti vya kutosha na wavuvi haramu, isimalizwe na sisi tunaosema tunaipenda.

Vipande vya kuanzia vinatoka kwenye matangi ya wenzetu. Tumbawe laini hukatwa kwa wembe, kipande hushikishwa kwenye kijiwe, na baada ya wiki chache kimeshika. Leo nimekuja na vichache, viko kwenye boksi la barafu pale mlangoni, havina barafu msiogope. Havina bei. Lakini sitampa mtu leo. Anayetaka aje nyumbani Jumapili saa nne asubuhi akiwa na mtu wake wa pili, awe mke, mume, mtoto wa sekondari, dada, mpangaji mwenzake, yeyote anayebaki nyumbani wakati yeye hayupo. Nitampa refraktomita yule wa pili kwanza, asome chumvi mbele yetu. Akisoma sawasawa, kipande ni chao.

Mwenyekiti, naomba maswali yaanze.